Tundu Dogo la Pampu

Saratani ilitolewa yote. Daktari alilisema hilo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mgonjwa alikuwa akitazama dirishani. Tezi dume ilitoka pamoja na kila kilichokuwa ndani yake, vipimo vya damu vilivyofuata vikawa safi, na mtu aliyeingia hospitali akiogopa kufa akatoka na tatizo ambalo hakuweza kulitamka mbele ya mtu yeyote.

Alikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi. Mtaani walimwita Geji, kwa jina la kile chombo cha mviringo chenye mshale kinachoonyesha mgandamizo wa gesi. Hakuwahi kukubali neno la mteja kuhusu friji lake. Mteja angeapa kwamba gesi imekwisha, Geji angefunga mipira ya kipimo chake kwenye friji, angeutazama mshale, ndipo aseme. Mara nyingi mteja alikuwa amekosea. Geji hakujivuna kwa hilo, ila alilikumbuka.

Miezi ya kwanza baada ya operesheni, mkojo ulimtoka bila ruhusa na akavaa nepi kama mtoto. Hilo liliisha. Lile jingine halikuisha. Daktari alimweleza kwamba mishipa ya fahamu inayopita kando ya tezi ni myembamba kama uzi. Hata daktari wa upasuaji akiikwepa, mishipa hiyo huzubaa. Huenda ikaamka baada ya mwaka, au miwili. Huenda isiamke yote. Alimwandikia vidonge. Geji alivimeza kama alivyoelekezwa. Uso ukapata joto, pua ikaziba, kichwa kikauma, na mahali palipokusudiwa pakabaki palivyokuwa.

Ndipo akapelekwa kwa muuguzi wa kliniki, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho. Alimwamkia shikamoo, akamkalisha, kisha akaweka mezani silinda ya plastiki inayoonyesha ndani, pampu ndogo ya mkono na pete kadhaa za mpira.

"Hii inavuta hewa, baba. Hewa ikitoka, damu inaingia. Kisha unavisha pete shinani ili damu isirudi. Pete isizidi nusu saa. Na hata kama hamna shughuli, unaitumia, ili nyama isizoee kulala."

Geji aliitazama meza. Neno "shughuli" lilimfanya atake kuwa mahali pengine.

"Hatumpi mtu kabla ya kumfundisha," muuguzi aliendelea, "na tunapenda kumfundisha pamoja na mama. Anaweza kuja lini?"

"Amesafiri."

Mkewe wakati huo alikuwa darasani, mitaa michache kutoka hapo.

Ili asitazamwe usoni, Geji alikichukua kile kifaa na kukikagua kwa jicho la kazi. Plastiki nyepesi. Mpira wa kawaida. Kwenye kichwa cha pampu palikuwa na tundu dogo lenye kizibo cha springi. Aliziba mdomo wa silinda kwa kiganja, akapiga pampu mara kadhaa, akasikia hewa ikipenya kwenye lile tundu.

"Hiki kinavuja," alisema.

"Hakivuji, baba. Hiyo ni—"

"Nitarudi, sista. Asante sana." Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, na harufu ya mafuta ya kompresa haikuwahi kutoka humo. Geji alifanya kazi na mwenzake aliyeitwa Nyundo, mtu wa mabega mapana na mdomo usiopumzika. Siku hiyohiyo, Jumatatu, mwenye bucha alileta friza lake.

"Mgonjwa ana nini?" Geji aliuliza.

"Ananguruma mchana na usiku, hagandishi," Nyundo alisema. "Mkewe amelalamika."

"Mke wa nani?" Mwenye bucha alishtuka.

"Wa friza."

Walicheka wote wawili mpaka mwenye bucha akashika ukuta.

"Umri huo, bwana," Nyundo alisema, akilipigapiga friza kama anayempa mtu pole. "Ukifika umri fulani unabaki na mlio tu. Au sivyo, mzee Geji?"

Mzaha huo Geji ndiye aliyeutunga, miaka mingi nyuma, na wateja wengi walikuwa wamecheka kwa ajili yake. Alicheka. Kicheko kilizidi kipimo kidogo, akakisikia mwenyewe, akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Nyumbani alilala katika chumba kilichoachwa na binti yao alipoolewa. Mwanzoni sababu ilikuwa ya kweli: hakutaka kumlowesha mkewe. Mkojo ulipoacha kumtoka, alisema mgongo unataka godoro gumu. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na mtaa mzima, pamoja na mumewe, ulimwita Mwalimu. Alilipokea neno la godoro bila kuuliza. Geji alidhani ameamini.

Jumanne jioni Mwalimu aliweka chai mezani, akakaa, jambo ambalo siku hizo hakulifanya sana.

"Afisa elimu amenipigia. Wamenipa shule."

"Shule ipi?"

"Ile ya bweni, kule mpakani. Mwalimu mkuu."

"Hongera."

"Ni safari ya siku nzima, baba."

"Najua."

"Anataka jibu Ijumaa." Alikizungusha kikombe chake. "Mdogo wangu anasema una mtu."

"Mtu gani?"

"Nyumba ndogo. Nimemwambia huyu mzee anarudi ananuka mafuta, anaoga, analala. Mwenye nyumba ndogo hunukia." Geji alitaka kucheka, lakini mkewe hakuwa akicheka. "Ila mimi sikuelewi. Tangu utoke hospitali umenishika mkono mara moja tu, na tulikuwa tunavuka barabara."

Geji aliitazama chai.

"Nipe sababu moja ya kukataa hiyo shule. Siombi mbili."

Sababu aliijua. Ilikuwa imekaa kooni, imeiva, ilihitaji sentensi moja. Aliitafutia maneno akapata ya daktari, yaliyonuka dawa, na ya karakana, yaliyonuka kicheko cha Nyundo. Ya kwake hakuyapata.

"Cheo ni cheo, Mwalimu," alisema. "Usikiache kwa ajili yangu."

Mkewe alisimama, akakichukua kikombe cha mumewe kikiwa bado na chai, akaenda kukiosha.

Usiku huo Geji alifikiri kwa utaratibu, kama alivyozoea. Kumwambia mkewe kwamba kitu kimeharibika halikuwa wazo lililomjia. Katika kazi yake, mtu hutoa habari ya ubovu akiwa ameshajua dawa yake. Mteja haambiwi friji limekufa, anaambiwa lilikuwa limekufa. Angetengeneza kwanza. Kabla ya Ijumaa angeingia chumbani kwa mkewe mwenyewe, na hapo sababu ingejieleza. Kifaa cha kliniki hakikumfaa: hakupewa bila mke, tena kilikuwa kinavuja. Lakini kuvuta hewa kutoka kwenye chombo ndiyo kazi aliyokuwa ameifanya tangu ujana.

Jumatano Nyundo alipokwenda kula, Geji aliufunga mlango wa bati kwa komeo. Alitwaa chupa pana ya plastiki ya kupimia mafuta, akaikata kitako, akaisugua kingo kwa msasa mpaka ikawa laini, akaivika mpira wa mlango wa friji. Upande wa shingo aliunganisha bomba, geji, na valvu ya kufunga kwa ufunguo. Mwisho wa bomba ilikuwa pampu ya karakana, mashine isiyo na huruma, ambayo huvuta hewa iliyomo ndani ya mfumo wa friji mpaka hata unyevu unachemka na kutoka. Alijaribu kwanza kwa kiganja. Mshale ulishuka, akafunga, akasubiri. Haukutikisika. Ilikuwa kazi safi kabisa. Hakuweka tundu popote. Kwa miaka yote hiyo tundu kwenye mfumo lilikuwa na maana moja, nayo ni fundi mbovu.

Alisimama nyuma ya friza la mwenye bucha, akashusha suruali, akawasha.

Kitu kikatokea. Kile alichokuwa amekiomba kwa vidonge na kwa sala, sasa alikiona kwa macho kikijaa na kuinuka ndani ya plastiki. Pumzi ilimtoka. Angezima hapo, huenda angeondoka salama. Lakini mshale ulikuwa bado uko mbali na pale alipouzoea, na mkono wake, ambao haujawahi kuacha kazi nusu, ulisubiri mshale ufike.

Maumivu yalikuja yote kwa pamoja. Aliipiga swichi kwa ngumi. Mota ikanyamaza, lakini maumivu hayakupungua, kwa sababu mfumo usiovuja hauachi kitu. Ilibidi afungue valvu, na ufunguo wa valvu ulikuwa umeanguka chini ya friza. Alipiga magoti, suruali ikiwa miguuni, akapapasa vumbi.

Bati likagongwa.

"Geji! Umejifungia na nani humo?"

"Naongea na simu!"

"Simu gani inanguruma?"

Hakuupata ufunguo. Mwishowe alilishika bomba kwa mikono yote miwili na kuling'oa, hewa ikaingia kwa kishindo, na akabaki pale sakafuni, paji la uso likiwa kwenye bati la friza, mpaka alipoweza kuvuta suruali na kufunga mkanda. Alipofungua mlango alisema tumbo limemsumbua. Nyundo alimtazama, akaitazama pampu, akaitazama ile chupa iliyokatwa. Kwa mara moja maishani hakusema neno, na hilo lilimwuma Geji kuliko mzaha wowote.

Kabla ya jua kutua ngozi ilikuwa nyeusi kama biringanya na imevimba. Alhamisi asubuhi alirudi kliniki akitembea kama mtu aliyeshuka farasi.

"Nilijigonga," alimwambia muuguzi.

"Na nini, baba?"

"Mlango."

Muuguzi aliangalia vizuri. "Mlango wa duara?"

Geji akamweleza. Alieleza kwa usahihi, kwa mpangilio, akitaja kila kiungo, kwa kuwa usahihi ndio nguo pekee aliyobaki nayo. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageuka kunawa mikono, na akanawa kwa muda mrefu. Geji aliutazama mgongo wake ukitikisika kidogo. Aliporudi, uso wake ulikuwa umetulia.

Daktari aliitwa. Mishipa midogo ya damu ilikuwa imepasuka chini ya ngozi, alisema, lakini hakuna kilichovunjika, itapona yenyewe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mapumziko, na asiguse pampu wala pete mpaka watakapomwona tena. Alipoondoka, muuguzi alikitoa kile kifaa cha plastiki.

"Lile tundu ulilosema linavuja." Alikibonyeza kile kizibo cha springi. "Ukivuta kupita kiasi, linaingiza hewa lenyewe. Na ukitaka kutoka, unabonyeza hapa. Ndiyo kazi yake. Nilikuwa nataka kukuambia siku ile."

Geji aliitikia kwa kichwa. Kuvuliwa nguo mbele ya mtoto wa watu hakukumchoma kama hilo: maelezo yalikuwa yameanza kutamkwa, na yeye ndiye aliyeyakatiza kwa kukimbilia mlango.

"Mama amesharudi safari?" muuguzi aliuliza.

"Hajasafiri," Geji alisema. "Ndiyo anataka kusafiri."

Geji alipofika nyumbani alasiri, Mwalimu alikuwa sebuleni akipiga pasi. Alimtazama mumewe akivuka kizingiti.

"Mbona unatembea hivyo?"

"Nimetoka kliniki."

Pasi ilisimama hewani. "Imerudi?"

"Hapana, hapana. Saratani haijarudi." Aliona mabega ya mkewe yakishuka, na hapo tu akatambua kwamba mwanamke huyu alikuwa akiishi na hofu hiyo kila siku. "Ni jambo jingine. Ni kama... mfumo unaweza kuwa mzima, kompresa nzima, lakini zile nyaya za—"

"Baba. Sitaki habari za friji."

"Nashindwa."

"Unashindwa nini? Sema kwa jina lake."

Alilisema. Alilisema akitazama ubao wa pasi, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya mwingine. "Uume hausimami. Tangu operesheni. Vidonge havikusaidia. Daktari anasema huenda ikawa miaka miwili, huenda isirudi kama zamani." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akasema la pampu.

Mwalimu aliisimamisha pasi wima. "Pampu ya karakana?"

"Ndiyo."

"Ile inayotikisa meza?"

"Ndiyo."

Kicheko kilimtoka mkewe kabla hajakizuia, kikamshinda, akakaa kwenye kiti akishika tumbo. Kisha kikageuka kingine, akafuta macho kwa shati alilokuwa akilipiga pasi.

"Nesi anajua?" aliuliza.

"Anajua."

"Daktari?"

"Anajua."

"Na pampu inajua. Ni mimi tu." Alilitupa shati. "Mficha uchi hazai, hukufundishwa kwenu?"

"Sisi tumeshazaa."

"Usinichekeshe, nimekasirika!" Kisha sauti yake ikashuka. "Unajua nilichodhani? Nilidhani ni mimi. Nilidhani ulipoona umepona, ukaniangalia ukaona nimezeeka. Nimeanza kubadilisha nguo bafuni, baba. Nazima taa ndipo navua. Hata hilo hukuona?"

Hakuwa ameliona. Alikuwa amelinda macho yake yasikutane na ya mkewe kwa bidii kiasi kwamba hakuona chochote. Alitaka kusema samahani, lakini neno hilo lilikuwa dogo, la mtu aliyekanyaga mwenzake kwenye foleni. Alisogea, kwa mwendo wake wa kuchekesha, akaushika mkono wake. Ulikuwa wa moto kwa sababu ya pasi. Mwalimu hakuuondoa, wala hakumtazama.

"Kesho tunakwenda wote," alisema. "Na jibu la afisa elimu litangoja mpaka tutoke huko."

Ijumaa Mwalimu alivaa nguo zake za ukaguzi. Katika chumba cha muuguzi aliuliza yote ambayo mumewe hakuthubutu, kama anayedai hatua za hesabu zionyeshwe. Pete ikigoma kutoka? Pampu isipofaa kabisa? Muuguzi alisema zipo sindano ambazo mtu hufundishwa kujichoma mwenyewe, na zipo njia nyingine za upasuaji, kila moja kwa wakati wake. Hilo tendo litampa maumivu? La, kwa njia sahihi. Na mtoto je? Hapana, baba hatatoa tena mbegu, hata raha yake itakuwa kavu. Geji aliyajua hayo. Kuyasikia yakizungumzwa na wanawake wawili, mmoja wa umri wa mwanawe, kulimfanya atoe jasho mpaka kola ikalowa.

"Na mimi kazi yangu ni ipi?" Mwalimu aliuliza.

"Ukitaka, mama, unaweza kuishika pampu wewe."

"Nitaishika mimi," alisema. "Huyu ameshaonyesha uwezo wake."

Muuguzi safari hii hakugeuka kunawa mikono. Alicheka waziwazi, na Geji akavitazama vigae vya sakafu.

Nje, kwenye benchi la korido, Mwalimu alitoa simu. Geji alimsikia akisalimia, akishukuru, kisha: "Nimekubali. Ndiyo, naripoti mwezi ujao."

Simu ikarudi mkobani. Geji aliona ni haki. Sababu ilikuja ikiwa imechelewa, na imevimba.

"Ulitaka nikatae?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo."

"Ungesema Jumanne." Aliweka mkoba mapajani. "Jumanne ningekataa, na mwakani ningekuchukia. Shule naitaka, baba. Nimeingoja kabla hujaugua. Ila Jumanne nilikuwa naitaka ili nikukimbie, leo naitaka kwa ajili ya shule. Kila mwisho wa mwezi nitakuwa hapa. Na lile godoro gumu mpe Nyundo."

Mwalimu aliporudi mara ya pili kutoka mpakani, Geji alikuwa amepona na daktari alikuwa amemruhusu. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mwalimu alifunga mlango, akavuta pazia nusu tu, akavaa miwani yake ya kusomea, akakaa ukingoni mwa kitanda na kile kifaa cha plastiki. Alipiga pampu taratibu, akisimama kila mara kumuuliza kama inauma. Geji alilala chali akitazama dari, mikono kando, kama alivyokuwa amelala hospitali. Pete iligoma mara ya kwanza. Mara ya pili ikakaa.

Mwalimu alivua miwani. Akaweka mkono.

"Ni baridi," alisema kwa mshangao.

Kweli, ilikuwa baridi, na rangi yake imekoza. Damu iliyozuiwa na pete haitembei, hivyo haileti joto. Kwa fundi lilikuwa jambo dogo kuelewa. Kwa mwanamume lilikuwa kama kukamatwa na kitu cha kuazima. Aibu ilimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na mkono wake, bila kuamriwa, ukaifuata ncha ya shuka.

Mwalimu aliushika mkono huo kabla haujafika. Hakumwambia kwamba si neno, wala kwamba ni kama zamani, maana haikuwa kama zamani na wote wawili walikuwa wakiiona.

"Usifunike," alisema.

Geji aliiachia shuka. Aliendelea kuona aibu, lakini hakufunika.